Sasa Naenda Wapi?

Binamu yangu ana miaka 24 na ana ulemavu wa akili. Kuna asubuhi anavaa sweta yake ya shule na kuketi kwenye ngazi za ploti, anangoja basi. Shangazi humwambia, "Si ulimaliza shule?" Naye humuuliza, "Sasa naenda wapi?" Nilianza kusoma historia nikimtafutia jibu.

Historia yenyewe inaanzia pabaya. Mwaka wa 1910, wakoloni waligeuza kituo cha kuwatenga wagonjwa wa ndui Nairobi kuwa hospitali ya "vichaa." Ndiyo Mathari. Binamu yangu si mgonjwa, hakuna dawa anayohitaji. Anahitaji kufunzwa polepole na kushikwa mkono. Lakini mtaani bado wanamwita "mtu wa Mathari."

Mwaka wa 1964, uhuru ukiwa bado mbichi, Kamati ya Ngala Mwendwa ilichunguza malezi na huduma za walemavu. Hatua kubwa ilikuja 1984, Denmark iliposaidia serikali kuanzisha vituo vya tathmini, EARC. Mzazi anampeleka mtoto, mwalimu anamtazama akicheza na kuongea, kisha anapendekeza shule au darasa maalum. Kwa mama aliyeambiwa miaka yote kwamba amelaaniwa, hiyo karatasi si kitu kidogo. Shangazi bado anayo yake, ameifunga kwa nailoni.

Mwaka wa 2003 tukapata elimu ya msingi bila malipo pamoja na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, ikaahidi heshima. Mwaka wa 2011 serikali ikaanza kuzipa familia zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Nairobi, hizo haziwezi kumlipa mtu wa kukaa naye wiki mbili.

Ukipanga miaka hiyo yote, utaona karibu kila kitu kilijengwa kwa ajili ya mtoto. Mtoto akikua, anarudishiwa mamake. Mimi niliacha chuo kwa kupenda kwangu. Yeye shule ndiyo ilimwacha. Na shangazi anazeeka.

Siku hizi humpeleka kwenye kibanda chake cha mitumba. Humwaga gunia la soksi, na binamu huzitafutia wenzake moja moja. Hakosei. Jioni huuliza, "Kesho pia?"