Kabla Windjana Iwe Mahali pa Kupiga Kambi

Sahii video za wasee wakipiga kambi Kimberley, kule kaskazini-magharibi mwa Australia, ziko kila mahali. Hema, Land Cruiser imejaa vumbi jekundu, halafu wanaingia Korongo la Windjana kwa miguu. Na manze, ni kuzuri. Mto Lennard umekata mwamba kwa kilomita 3.5, kuta zinafika mita 100 sehemu zingine, na mamba wadogo wa maji baridi wamelala tu kwa mchanga. Watakuambia pia kwamba mwamba huo ulijengwa na viumbe wa bahari zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita. Sawa. Lakini mbona wanaruka 1894?

Hiyo ni ardhi ya Wabunuba. Walowezi walifika miaka ya 1880 na kondoo na ng'ombe, wakakalia maji na malisho. Mbunuba akichinja mnyama wao, polisi wanamfunga mnyororo shingoni na kumtembeza hadi Derby. Jandamarra alikulia katikati ya hayo yote. Akiwa kijana alifanya kazi kwa ranchi ya mzungu, akajua kukata manyoya ya kondoo, farasi na bunduki. Baadaye akawa mfuata nyayo wa polisi, akimsaidia konstebo Richardson kuwasaka watu wake mwenyewe. Hapa kwetu angeitwa homugadi, na wengi wangeishia hapo.

Mwisho wa Oktoba 1894 walikuwa wameshika kundi kubwa la Wabunuba, wamefungwa minyororo katika kituo cha Lillimooloora, karibu na korongo. Kati ya hao wafungwa kulikuwa na jamaa zake. Usiku Jandamarra akampiga Richardson risasi, akawafungua, wakabeba bunduki. Siku chache baadaye wakavamia msafara uliokuwa unaleta ng'ombe kuanzisha ranchi mpya, wakaua wazungu wawili.

Tarehe 16 Novemba polisi na walowezi karibu 30 wakaja Windjana. Kuta zile mnazopigia picha ndizo zilikuwa ngome: Wabunuba walijificha kwa mapango na nyufa, wakafyatua risasi kutoka juu. Jandamarra aliumizwa vibaya, lakini hawakumpata. Hasira zikamwagwa kwa watu wengine wa eneo lile, na waliuawa wengi ambao hata hawakuwa korongoni siku hiyo. Yeye akaendelea kuwasumbua kwa zaidi ya miaka miwili.

Maficho yake mengine yalikuwa Tunnel Creek, mto unaopita chini ya mlima kwa mita 750. Leo watalii wanavuka na tochi, maji yakifika magotini au zaidi, popo juu ya kichwa. Polisi wanalinda mlango mmoja, msee ametokea upande wa pili. Hapo hapo ndipo aliuawa, 1 Aprili 1897. Na aliyempiga risasi hakuwa mzungu, alikuwa mfuata nyayo mweusi aliyeletwa kutoka mbali, kazi ile ile Jandamarra aliyokuwa ameiacha. Hiyo sehemu inaniuma kuliko ile vita yenyewe.

Kisha wakamkata kichwa kama ushahidi. Fuvu likapelekwa Uingereza. Ukiwa Mkenya, hapo lazima ufikirie Koitalel arap Samoei, aliyepigwa risasi na Meinertzhagen mwaka 1905 akiwa ameitwa kwa mazungumzo ya amani. Wanandi bado wanadai kichwa chake kirudishwe.

Kwa hivyo sikubali ile hoja ya "mimi niko hapa kwa mandhari tu, historia ni ya darasani." Hata hapa Nairobi tunafanya hivyo hivyo: mtu anaenda Karura, anapiga picha nne kwa mapango ya Mau Mau, anaandika "mazingira poa" na kurudi zake.

Mahakama ya Australia iliwatambua Wabunuba kama wenye ardhi mwaka 2012. Korongo wao huliita Bandilngan, na jina hilo sasa liko kwa kibao cha mbuga. Ukitengeneza video ya huko, anza na hilo.