Habari za Usambara na Milisho ya Wavuti: Kufuatilia Si Kuhifadhi

Neno habari lina maana mbili: jambo jipya lililotokea, na masimulizi ya mambo yaliyopita. Huko Usambara maana hizo zilikutana katika maandishi. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliandika Habari za Wakilindi, historia ya watawala wa Washambaa tangu Mbegha, na kazi hiyo ikachapishwa kwa sehemu na misheni ya Magila kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Msomaji wa Gare au Vugha hakuwa na budi kungoja sehemu iliyofuata.

Wakati huo pia yalizuka magazeti ya Kiswahili: Msimulizi la Zanzibar mwaka 1888, kisha Habari za Mwezi la Magila na Kiongozi la Tanga. Mhariri alipokea barua kutoka vituo vya mbali, akazipanga katika karatasi moja, akazirudisha kwa wasomaji. Reli ya Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, safari ya karatasi hiyo ilifupika hadi chini ya mlima.

Karne moja baadaye kazi ya kukusanya ilihamia kwenye programu. Kwa kawaida blogu hutoa mlisho, yaani faili linaloorodhesha maandishi yake mapya. Programu ya kusomea milisho hulipitia faili hilo mara kwa mara na kumwekea msomaji orodha moja ya blogu na magazeti aliyoyachagua, bila yeye kuzitembelea kurasa zote. Iliyojulikana zaidi ilikuwa Google Reader, iliyoanza Oktoba 2005.

Huo ulikuwa wakati wa kuchipuka kwa blogu za Kiswahili. Ndesanjo Macha alianzisha Jikomboe mwaka 2004. Muhidin Issa Michuzi akafuata mwaka 2005. Kwa mwanaisimu, kipindi hiki ni hazina. Wengine waliandika blogu, wengine blogi, wengine gazeti tando. Michuzi aliiita yake "Globu ya Jamii": kwa kubadilishana nafasi za sauti mbili, neno geni likageuka taa ya umeme. Utani wa namna hii huonyesha jinsi wasemaji wanavyolimiliki neno kabla ya kamati yoyote kulisanifu.

Je, ushahidi huo uko wapi leo? Google Reader ilifungwa tarehe 1 Julai 2013. Pamoja nayo ilitoweka akiba ya maandishi ya zamani iliyokuwa imejikusanya humo, yakiwemo ya blogu zilizokwisha kufutwa. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni nchini Tanzania ziliwataka wanablogu kukata leseni na kulipa ada, na baadhi ya blogu zikanyamaza.

Hapa ndipo historia ya Usambara inapotufunza. Habari za Wakilindi iliweza kuchapishwa upya mwaka 1962 kwa sababu nakala za karatasi zilikuwa zimebaki mikononi mwa watu. Mlisho hupasha habari kwa wepesi ambao Magila haikuujua, lakini haukuundwa ili utunze. Kwa hiyo mwanafunzi anayetafiti Kiswahili cha mtandaoni anakili matini anayoyasoma, aandike tarehe na jina la blogu, kisha aikabidhi maktaba nakala yake. Asipofanya hivyo, habari itabaki na maana moja tu kati ya zile mbili.