Mvinyo wa Wafalme, Ujira wa Vibarua

Ni Februari, zabibu zinavunwa, na mume na mke wanashuka kwenye tramu ya mvinyo ya Franschhoek, Afrika Kusini. Mbele yao kuna nyumba nyeupe ya Kiholanzi iliyoezekwa kwa nyasi, na nyuma yake milima ya mawe inayobadilika rangi kadiri jua linavyopanda. Wanawekewa bilauri kadhaa mezani, kila moja ina mafunda mawili tu. Wanaelekezwa waizungushe, wainuse, waonje, na wasipotaka kulewa kabla ya mchana wateme kwenye ndoo. Ndoo hiyo ndiyo huwashangaza wageni. Nani alipe pesa anunue kinywaji ili akiteme?

Safari ya namna hii si ya kale kama kuta hizo zinavyodanganya. Afrika Kusini ilianza mwaka 1971, pale wakulima watatu wa Stellenbosch, Frans Malan wa Simonsig, Spatz Sperling wa Delheim na Neil Joubert wa Spier, walipoyaunganisha mashamba yao kuwa njia moja ya wageni. Malan alikuwa ameona njia kama hiyo Burgundy, Ufaransa. Lakini mvinyo wenyewe ulikuwa umeitangulia njia hiyo kwa zaidi ya miaka 300, nao kwa muda mrefu ulikuwa na wanywaji wa aina mbili ambao hawakukaa meza moja.

Mholanzi Jan van Riebeeck aliteremka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, si kwa nia ya kujenga nchi bali kulima bustani. Meli za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki zilikuwa zikipoteza mabaharia kwa kiseyeye, na zilihitaji mboga, nyama na maji katikati ya safari. Mwaka 1655 akapanda mizabibu, na tarehe 2 Februari 1659 akaandika kwenye shajara yake, kwa shukrani kwa Mungu, kwamba zabibu za Rasi zimekamuliwa mvinyo kwa mara ya kwanza. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1658, meli mbili zilikuwa zimeshusha mamia ya watumwa kutoka Angola na Guinea. Tangu mwanzo, basi, zabibu na utumwa vilikua bega kwa bega.

Gavana Simon van der Stel ndiye aliyeufanya ulimaji huo kuwa fani. Alianzisha Stellenbosch mwaka 1679, akauita kwa jina lake, na mwaka 1685 akapewa Constantia, hekta zipatazo 760 chini ya mlima. Huyu mtu ambaye sanamu na vitabu vilimtukuza kama baba wa Wazungu wa Rasi alizaliwa baharini, meli ikielekea Mauritius, na bibi yake mzaa mama alikuwa mwanamke wa pwani ya India aliyewahi kuwa mtumwa. Mwaka 1688 wakaja Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa. Wakapewa bonde lililoitwa Kona ya Tembo, na baadaye likaitwa Kona ya Wafaransa. Ndiyo maana ya Franschhoek.

Hendrik Cloete alilinunua shamba kuu la Constantia mwaka 1778. Aliziacha zabibu zinyauke mtini hadi sukari ijikusanye, akapata mvinyo mtamu uliopiganiwa Ulaya nzima. Napoleon aliunywa uhamishoni St Helena. Jane Austen aliutaja katika riwaya yake ya mwaka 1811, pale mama mmoja anapoupendekeza kama dawa ya moyo uliovunjika.

Na nani alikuwa akizichuma zabibu hizo? Kati ya 1652 na 1808 waliletwa Rasi watumwa wapatao 60,000, kutoka Madagascar, India, visiwa vya Indonesia na Afrika yenyewe. Pwani yetu haikusalimika: kati ya 1776 na 1778 safari za Kampuni zilifika hadi Unguja kununua watu. Mabwana waliwapa majina ya miezi waliyofika au yaliyowajia tu kichwani, na hadi leo kuna familia za Rasi Magharibi zinazoitwa September au Februarie.

Utumwa ulifutwa rasmi tarehe 1 Desemba 1834, lakini watu walilazimika kubaki kwa mabwana wao miaka minne zaidi, eti wakijifunza kazi. Kazi gani hiyo, wakati wao ndio walioijua? Baada ya hapo mashamba yaliendelea kuwafunga kwa mfumo ulioitwa "dop": sehemu ya ujira ililipwa kwa mvinyo, kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni, mvinyo duni usioweza kuuzwa. Mfumo huo ulidumu hadi karne ya 20, hata ulipokatazwa kisheria. Wilaya za mizabibu za Rasi bado zina viwango vya watoto waliodhurika tumboni kwa pombe vilivyo miongoni mwa vya juu kabisa kuwahi kupimwa duniani.

Mambo mengine husikika kwenye maelezo ya wahudumu. Mdudu wa filoksera aligunduliwa Rasi miaka ya 1880, akaua mizabibu hadi ilipopandikizwa kwenye mizizi ya Kimarekani. Mwaka 1925 mtaalamu wa mizabibu Abraham Perold alichavusha aina mbili za zabibu, akapata Pinotage. Alipohama, miche yake minne ilikaribia kung'olewa kama magugu, ikaokolewa na mhadhiri kijana aliyekuwa akipita. Ni hadithi nzuri, na husimuliwa sana bilauri nyekundu inapofika mezani.

Kule Constantia, karibu na lango la shamba la Klein Constantia, lipo kaburi la Sheikh Abdurahman Matebe Shah, aliyehamishwa kutoka Sumatra na Kampuni ile ile miaka ya 1660. Waislamu wa Cape Town humzuru, wakavua viatu na kusoma dua. Magari ya waonjaji hupunguza mwendo hapo kwa sababu barabara ni nyembamba, kisha huendelea kupanda kuelekea kwenye mvinyo.