Wajumbe Watatu na Maili Kumi za Pwani Yetu

Watu wakisikia kuwa wafalme wawili wamekutana wakapatana, hudhani mambo yaliamuliwa siku ile ya kupeana mikono. Sivyo. Kabla yake huwa wametangulia wajumbe, wakakaa, wakahesabu, wakaandika, na mkubwa huletewa karatasi iliyokwisha atie sahihi. Hata katika sulhu ya Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra, Makureshi walileta mjumbe baada ya mjumbe mpaka akaja Suhayl bin Amr. Na Mtume s.a.w. naye alimtuma Sayyidna Uthman r.a. aende Makka. Lakini pale Mtume mwenyewe alikuwapo, na kila neno lililoandikwa au kufutwa lilipita mbele yake.

Tazama sasa yaliyotupata sisi watu wa Tanga na Pangani. Mwisho wa 1885 Uingereza, Ujerumani na Ufaransa ziliweka tume ya kupima mipaka ya nchi ya Seyyid Barghash. Mjumbe wa Kiingereza alikuwa Kitchener, yule aliyepata jina baadaye huko Sudan. Wa Kijerumani alikuwa Schmidt. Sultani, ambaye nchi ni yake, hakuwa na mtu katika hao waliokata shauri! Mwaka 1886 wakapita pwani wakitafuta dalili za utawala: liwali, askari, bendera. Ama kuheshimiana na wazee wa bara, na biashara ya miaka mingi, hayo hayakuwa na mizani yao.

Tena palikuwa na sharti ambalo kwangu mimi ndilo lililobeba yote. Litakaloandikwa ni lile walilokubaliana wote watatu. Basi aliyetaka kuipunguza nchi hakuhitaji hoja. Alitosheka kukataa tu.

Novemba 1886 mapatano yakafungwa London. Sultani akaachiwa ukanda wa maili kumi kutoka baharini, naye akaukubali Desemba, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Mji wa Tanga ukawa ndani, Usambara nje. Mstari mwingine ukakatwa kutoka mdomo wa mto Umba mpaka ziwa Jipe, na Wadigo wakajikuta huku na huku, ndugu kwa ndugu. Mpaka huo ungalipo.

Barghash akafariki Machi 1888. Aprili, Seyyid Khalifa akatia sahihi karatasi ya kuipa Kampuni ya Kijerumani utawala na ushuru wa pwani hii kwa jina lake. Agosti akaja Pangani von Zelewski, akataka bendera ya Kampuni ipandishwe nyumbani kwa liwali. Liwali Abdulqawi bin Abdallah akakataa, kwa kuwa hakuletewa amri na bwana wake. Wakashushwa askari wa manowari, na msikiti ukaingiliwa kwa mbwa, siku zile zile za Idi ya kuchinja. Watu wakainuka.

Hapo ndipo Sultani alipomtuma Lloyd Mathews na askari kwenda kutuliza. Atulize kwa nini, naye hana la kuwapa? Yote yalikwisha andikwa. Watu wa Pangani wakamrudisha Unguja.

Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Vita hivyo Sheikh Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga alivitungia utenzi. Mwaka 1890 Wajerumani wakainunua pwani kwa marki milioni 4, na bendera nyekundu ikashuka.