Moshi wa London Ulikuwa wa Nani?

Msomaji, uonapo moshi mweusi ukipanda angani, jicho lako hutafuta upesi dohani ya kiwanda. Si ajabu, dohani hiyo ni ndefu, na mwenyewe ni tajiri. Lakini sikiliza kwanza habari ya mji wa London, kisha uhukumu.

Tarehe 5 Desemba 1952 baridi kali iliushika mji ule na upepo ukakoma. Hewa ya joto ilitanda juu ya hewa ya baridi kama kifuniko juu ya chungu, na moshi ukakosa pa kutokea. Kwa siku tano mchana ulifanana na usiku. Makondakta walitangulia mbele ya mabasi kwa miguu, taa mkononi. Katika jumba la Sadler's Wells opera ilikatizwa, kwa kuwa ukungu uliingia hata ndani. Watu wapatao 4,000 walihesabiwa kuwa wamekufa. Wataalamu wa baadaye wamekadiria hata 12,000.

Viwanda na mitambo ya umeme vilikuwa na sehemu yake, hapana ubishi. Hata hivyo, kamati ya Hugh Beaver iliyochunguza jambo hili iliona kwamba karibu nusu ya moshi wa nchi ilitoka katika meko ya nyumba: ya karani, ya mchukuzi, ya mjane.

Basi mnunuzi ndiye mkosaji? Ngoja. Aliuziwa makaa gani? Makaa mazuri yalipelekwa ng'ambo ili nchi, iliyolemewa na madeni ya vita, ipate fedha. Mwananchi aliachiwa vumbi na vipande hafifu, ambavyo serikali, mwenye migodi tangu 1947, iliviondoa katika mgao siku chache tu kabla ya msiba, vinunuliwe kwa wingi. Mjane yule angechagua nini, kutetemeka? Mimi namlaumu kwanza aliyekuwa na uchaguzi. Nao matajiri waliong'ang'ania moto wa wazi kwa kupenda tu kuutazama, siwaondolei lawama.

Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ilikataza moshi mweusi wa viwanda, ikazipa halmashauri uwezo wa kutenga mitaa isiyotoa moshi. Katika mitaa hiyo, mwenye nyumba aliyebadili meko yake alirudishiwa sehemu saba katika kumi za gharama. Zile tatu alilipa mwenyewe.