Skripti ya kanzidata ikikaa kimya, usidhani mambo ni shwari

Seva ya kanzidata huwa na skripti ndogo zinazojiendesha zenyewe: moja inapima nafasi kwenye diski, nyingine inachukua bakapu. Zikikwama, mara nyingi hakuna anayejua mpaka siku ya balaa.

Ndivyo ilivyokuwa GitLab, 31 Januari 2017. Fundi alifuta takriban GB 300 kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Walipokimbilia bakapu za kila siku, kumbe hakuna kitu. Programu ya pg_dump ilikuwa toleo la 9.2 na kanzidata PostgreSQL 9.6, hivyo ilikuwa inagoma. Barua pepe za tahadhari nazo zilikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono kama saa 6 kabla. Data ya baada ya hapo ikapotea.

Skripti ikigoma, anza hapa:

1. Iendeshe kwa mkono kwa akaunti ileile inayotumiwa na cron. Ikikubali kwako lakini cron ikashindwa, andika njia kamili ya kila programu, maana PATH ya cron huwa fupi.

2. Kagua nywila na ruhusa za mafaili. Nywila ya kanzidata ikibadilishwa, skripti haiambiwi.

3. Linganisha toleo la programu na la kanzidata.

4. Soma logi na namba ya kumalizia: 0 ni salama, nyingine kwa kawaida ni hitilafu.

Mwisho, igomeshe makusudi kwenye seva ya majaribio. Ujumbe wa tahadhari usipofika kwenye simu yako, bado huna mlinzi.