Kutoka Debe hadi Tao la Plazma: Historia ya Kiolezo katika Utengenezaji wa Vigari vya Chuma, Kinondoni na Temeke

Utangulizi

Historia ya viwanda nchini Tanzania imeandikwa kwa kiasi kikubwa kwa kuhesabu viwanda: mwaka kilipofunguliwa, idadi ya wafanyakazi wake, mwaka kilipobinafsishwa. Makala hii inafuata njia nyingine. Inachukua kitu kidogo, yaani kigari cha kuchezea cha chuma, na kuuliza ni maarifa gani yanayohitajika ili kipande bapa kigeuke gari. Hoja inayotetewa ni kwamba kiini cha ufundi huo hakijawahi kuwa chombo cha kukatia, bali ni kiolezo: uwezo wa kuliona gari likiwa limelala juu ya bati kabla halijasimama. Kwa mantiki hiyo, ujio wa mashine ya kukatia kwa plazma haukuzaa ufundi mpya. Umeleta swali jipya, nalo ni nani anayekimiliki kiolezo.

Kinondoni na Temeke zinachukuliwa hapa kwa mipaka yao ya kabla ya kumegwa kwa Ubungo na Kigamboni. Ni maeneo yenye mafundi wengi wa kuchomelea mageti na madirisha, kuanzia Mwananyamala na Manzese hadi Tandika na Mbagala.

Debe kama malighafi

Mafuta ya taa yaliingia Afrika Mashariki wakati wa ukoloni yakiwa katika madebe ya bati ya galoni 4, yaani takriban lita 18. Mafuta yalipokwisha, debe lilibaki. Lilichotewa maji, likapimiwa mahindi, likakunjuliwa kuwa paa na ukuta. Kwa fundi bati, debe lililokunjuliwa lilikuwa karatasi ya kazi: pande nne zenye upana wa takriban sentimita 24 kila mmoja na kimo cha sentimita 35 hutoa kipande kimoja kirefu kinachokaribia mita moja. Kutokana na kipande hicho zilipatikana koroboi, vikaango, masanduku na vigari.

Kazi ya kutengeneza kigari cha bati ina hatua tatu. Kwanza, fundi huchora umbo lote likiwa bapa: ubavu wa kushoto, paa, ubavu wa kulia, boneti. Pili, hukata kwa mkasi wa bati au tindo. Tatu, hukunja na kufunga. Panapokosekana lehemu, ufungaji hutegemea sikio na mwanya: ulimi mdogo wa bati hupenyezwa katika tundu la kipande cha pili, kisha hukunjwa upande wa ndani. Mbinu hii si ya Dar es Salaam pekee. Viwanda vya vitu vya kuchezea vya Nuremberg, Ujerumani, viliitumia kwa wingi tangu mwishoni mwa karne ya 19. Tofauti iko katika chanzo cha umbo. Kiwandani umbo lilihifadhiwa katika kalibu ya chuma na mashine ikalirudia bila kufikiri. Kwa fundi wa debe lilihifadhiwa katika kumbukumbu na katika kipande cha mfano kilichotundikwa ukutani.

Uhaba na gari la wakati wake

Kigari cha bati huiga gari linalopita barabarani, na kwa sababu hiyo kinaweza kusomwa kama ushahidi wa usafiri wa zama zake. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilianzishwa mwaka 1974. Mabasi yake marefu ya Ikarus kutoka Hungaria yaliunganishwa katikati kwa kiungo kinachopinda. Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa rasmi kubeba abiria jijini, yakaitwa daladala kwa jina la sarafu ya shilingi tano. Mtoto aliyetaka kuunda Ikarus alilazimika kutatua tatizo halisi la kihandisi: miili miwili igeuke kwa pamoja bila kutengana. Waya, vizibo vya soda na ndala chakavu zilizokatwa kuwa magurudumu vilitosha kulitatua.

Miaka hiyohiyo ilikuwa ya dhiki. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta viliikausha akiba ya fedha za kigeni, na vitu vya kuchezea havikuwa na nafasi katika orodha ya bidhaa za lazima. Hata hivyo, itakuwa kosa kuhitimisha kwamba ufundi huu ni mtoto wa uhaba. Uhaba ulieleza kwa nini kigari kilinunuliwa. Haukueleza kwa nini kiliweza kutengenezwa. Uwezo huo ulikuwepo kabla ya dhiki, katika mikono iliyokwisha kuzoea koroboi na masanduku.

Serikali kwa wakati huo ilikuwa na ndoto yake ya gari. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973; Mkakati wa Viwanda vya Msingi ulianza mwaka 1975; na mwaka 1985 kilianzishwa Kibaha kituo cha teknolojia ya magari kinachojulikana zaidi kwa jina la Nyumbu, kilichounda lori la Kitanzania. Wakati huohuo Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, pamoja na operesheni zilizoifuata, iliwaweka wengi waliojiajiri mjini bila leseni katika kundi la wazururaji. Hapa ndipo penye mkanganyiko ambao historia ya viwanda haina budi kuukabili. Dola ileile iliyotamani Mtanzania aunde gari ilimtilia shaka yule aliyekuwa tayari akiliunda, kwa kipimo kidogo, kando ya barabara.

Mfano wa Edward Saidi Tingatinga unasaidia kulipima jambo hili. Alipoanza kuchora mwaka 1968 jijini Dar es Salaam, alitumia vibao vya dari na rangi za baiskeli, yaani vitu vya kawaida vya mjini. Kazi yake ilipata jina, ikapata soko la Oysterbay, ikapata warithi. Kigari cha debe nacho kilitumia vitu vya kawaida vya mjini, lakini hakikupewa jina la mtu. Kilibaki mchezo wa watoto, na maarifa yaliyokizaa yakaonekana kuwa mchezo pia.

Tao la umeme

Mashine ya kukatia kwa plazma ni tunda la katikati ya karne ya 20. Hataza ya Robert Gage wa kampuni ya Union Carbide, Marekani, ilitolewa mwaka 1957. Hewa iliyoshindiliwa husukumwa kupitia tundu jembamba, na tao la umeme huipasha joto hadi iwe plazma, yaani gesi inayopitisha umeme, yenye joto linaloweza kufikia takriban nyuzi 20,000 za Selsiasi. Chuma huyeyuka na kupeperushwa palepale. Tofauti na moto wa asetilini na oksijeni, ambao hutegemea chuma kuungua, plazma hukata pia alumini na chuma kisichoshika kutu.

Mashine hiyo ikifungwa juu ya meza inayoongozwa na kompyuta, gari la fumbo huwa kazi ya dakika chache: vipande bapa vya chuma cha milimita 2, vyenye masikio na mianya, ambavyo mnunuzi huvipachika mwenyewe. Mbinu, kwa hiyo, ni ileile ya debe. Kilichobadilika ni malighafi na kipimo. Bati la debe ni jembamba mno na hupinda kwa joto, hivyo mashine hupendelea chuma kinene, kikiwemo kile kinachobaki baada ya kukata mageti. Bati lenye madini ya zinki nalo hutoa moshi unaomletea fundi homa. Aidha, upana wa mkato mara nyingi ni milimita 1 hadi 2, kiasi kinachokaribiana na unene wa chuma chenyewe. Asiyeuingiza upana huo katika hesabu atapata mwanya uliolegea na gari halitasimama. Fundi wa debe aliijua hesabu hiyo kwa njia yake: kila mkunjo hula bati, naye aliacha nyongeza.

Nani anakimiliki kiolezo?

Katika meza ya kompyuta, kiolezo huwa faili. Faili hununuliwa au hupakuliwa kutoka popote duniani, na mara nyingi huonesha jipu la Kimarekani au gari la mashindano la Ulaya. Karakana ya Tandika ikilikata, mkono unakuwa wa Temeke na jicho linakuwa la kwingine. Fundi anarejea katika nafasi ya mashine ya Nuremberg: anarudia umbo bila kulifikiri. Kinyume chake, anayejua kuchora daladala ikiwa bapa anaweza kujifunza kuichora ndani ya programu, na mashine ikawa mkasi wake tu. Njia hizi mbili zinatumia umeme uleule na chuma kilekile, lakini mwisho wake ni tofauti kabisa.

Hitimisho

Makala imeonesha kwamba debe, waya na plazma ni hatua za historia moja, inayounganishwa na maarifa ya kukunjua na kupachika. Maana yake kwa sera ni ya moja kwa moja. Mafunzo ya ufundi stadi yanayotolewa chini ya VETA tangu mwaka 1994 yakimfundisha kijana kuendesha mashine bila kumfundisha kuchora kiolezo, yatamwachia sehemu ndogo kuliko zote ya ufundi ambao wazee wake waliufanya kwa mkasi. Kwa mtafiti, kazi iliyo mbele ni kukusanya vipande vya mfano ambavyo bado vimetundikwa katika karakana za uswahilini, kabla havijauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu.